Paipu ya stimu ya nje inasukuma nguzo: niweke rola, tefloni au grisi inatosha?

Kijana_wa_Boila

Wakuu habari za mihangaiko. Niko matengenezo kwenye kiwanda cha mafuta ya kula hapa Dar, karibu kabisa na bahari, yaani ukiacha spana nje wiki moja unaikuta imeshaota kutu. Tuna laini ya stimu inayotoka boila kwenda kwenye usafishaji wa mafuta, inchi 6 skejuli 40 (unene wa ukuta wa paipu), presha baa 10, urefu kama mita 110, yote iko nje juu ya nguzo za chuma za mita tano hivi, nguzo kila mita 6. Lagingi (koti la kuzuia joto) ni sufu ya mawe milimita 75 na bati la alumini juu yake.

Shida ni hii. Kila asubuhi tukiwasha boila, stimu ikianza kuingia, paipu inatoa mlio NGO! kinapita kimya halafu NGO! tena, kama mtu anapiga kontena kwa nyundo, na walinzi washazoea wanasema "boila imeamka". Sasa juzi nikaona nguzo mbili za katikati zimelala, nikaweka timazi, moja imetoka milimita 15. Halafu flenji (maungio ya bolti) ya valvu kubwa pale boila inavuja, tumebadilisha gasketi (ile pakingi ya katikati) mara tatu mwaka huu na bado.

Bosi kaita msambazaji, kaja na profoma ya rola 18, moja kila nguzo. Msambazaji wa pili anasema rola zimepitwa na wakati tuweke pedi 18 za tefloni (plastiki inayoteleza). Fundi wetu mzee anasema upuuzi wote huo, paka grisi nyingi. Sasa hivi viatu vya paipu (vyuma vya chini yake vinavyokalia boriti za nguzo) vimekaa chuma juu ya chuma, kutu kwa kutu. Naomba ushauri wa mtu aliyewahi kuzifanya hizi kazi kwa mkono sio wa kwenye katalogi. Asanteni.

ChumviYaTanga

Mkuu kuhusu rola mimi nina kidonda. Tulifunga rola sehemu moja karibu na bandari, mwaka wa kwanza raha tupu, ukigusa inazunguka, mwaka wa pili nikapanda na ngazi nikakuta rola 7 kati ya 12 haziendi. Ekseli ndogo ya ndani imeshika kutu na bushi yake, rola imesimama, paipu inateleza juu ya rola iliyokufa, na sehemu ile inayogusana imeliwa imekuwa bapa kama kisigino cha kandambili ya zamani. Rola iliyokufa ni mbaya kuliko kutokuwa na rola maana uzito wote umekaa kwenye mstari mwembamba.

Sisemi rola ni mbaya. Kwa paipu nzito ndefu, na mtu wa kupita na grisi kila baada ya miezi kadhaa, hakuna kitu kinateleza kama rola. Ila jiulize kwa ukweli wa Mungu, nani atapanda nguzo 18 na bomba la grisi mwezi wa sita wakati mashine zingine zinalia? Kama jibu ni "tutaona", usinunue rola.

Bongo_Welda

Paka grisi piga kazi. Miaka 20 napaka grisi viatu vya stimu, mambo ya tefloni ni ya wazungu wenye hela.

ChumviYaTanga

@Bongo_Welda grisi ipi kaka? Ile ya kawaida ya gari ikipata joto mafuta yanachuruzika inabaki sabuni kavu, vumbi linaingia, baada ya miezi mitatu umetengeneza msasa sio grisi. Nimeibandua kwa patasi.

Mzee_wa_Stimu

Vijana shikamooni kabla hamjanisalimia maana naona mmeanza kununua kabla ya kupima.

Kijana wa Boila, nimesoma maelezo yako mara mbili. Umetaja nguzo, umetaja viatu, umetaja gasketi, hujataja nanga. Paipu ya moto lazima iwe na sehemu moja imeshikwa kabisa haiendi popote, na sehemu nyingine ya kupokea urefu unaoongezeka. Kati ya hapo ndio mambo ya kuteleza yanaanza. Ukiniuliza kiatu cha tefloni au rola kabla sijajua nanga iko wapi ni sawa na kuniuliza tairi gani inafaa kwenye gari ambalo hujui kama handibreki imevutwa.

Tuanze na hesabu. Stimu ya baa 10 iliyoshiba ina nyuzi joto 184 hivi. Dar asubuhi tuseme chuma kiko 30. Tofauti ni 154. Chuma cha kawaida, mita moja ikipanda nyuzi 100 inarefuka milimita 1.2. Kwa hiyo paipu yako ya mita 110 ikipata moto inarefuka kama milimita 203. SENTIMITA ISHIRINI. Chukua rula uziangalie. Hizo lazima ziende mahali, ukizizuia zitasukuma nguzo au zitafungua flenji. Umenitajia nguzo na umenitajia flenji.

Sasa nijibu: (a) kuna lupu ya kupanua, ile inayokaa kama U, na iko umbali gani kutoka boila? (b) nanga ziko wapi? (c) kiatu kina urefu gani na boriti inayokikalia ina upana gani? (d) kuna kiatu chochote kimechomelewa kwenye boriti?

Kijana_wa_Boila

Marahaba mzee na shikamoo. Leo mchana nimepanda na futi. Majibu:

Lupu ipo moja, iko mita 85 toka boila, yaani imebaki mita 25 kufika jengo la usafishaji. Walisema waliiweka hapo kwa sababu ndio palikuwa na nafasi, kwingine malori yanapita.

Nanga ziko mbili, moja ukutani karibu na boila, chuma kizito kimeshika paipu kabla ya ile valvu, nyingine ukutani kule mwisho.

Kiatu kina urefu wa milimita 200, boriti upana 100.

Kuchomelewa... mzee hapa nimeona aibu. Viatu viwili vya katikati, nguzo ya 7 na ya 8, mita 42 hivi na 48 toka boila, vimechomelewa pande zote mbili. Nimeuliza, nikaambiwa mwaka juzi kiatu cha karibu na lupu kilidondoka kutoka kwenye boriti, stimu ikapoa kikang'ang'ania ukingoni kikararua bati na lagingi. Wakaogopa, fundi akaambiwa achomelee vya katikati "ili paipu isitembee sana". Nguzo zinazolala ni hizo hizo mbili.

Mzee_wa_Stimu

Basi umeshapata ugonjwa wako na hakuna rola wala tefloni itakayouponya.

Angalia kilichotokea. Mwanzo, toka nanga ya boila hadi lupu ni mita 85. Hizo zikipata moto zinasogea milimita 157 pale karibu na lupu. Kiatu chako 200, kiliwekwa katikati ya boriti ya 100. Nusu ya kiatu 100, nusu ya boriti 50, jumla 150. Yaani kikisogea zaidi ya 150 kinaachia boriti chote. Kilisogea 157. Milimita saba tu mwanangu! Hakikudondoka kwa bahati mbaya, kilidondoka kwa hesabu.

Halafu badala ya kuongeza urefu wa kiatu wakamfunga kamba yule wa katikati. Sasa toka nanga ya boila hadi kiatu kilichochomelewa ni mita 42, na huo urefu unarefuka milimita 78, na HAKUNA PA KWENDA. Umefungwa huku na huku. Unasukuma nguzo ya 7 (milimita 15 ulizoziona ni nguzo inavyolalamika) na unasukuma nanga ya boila, na nanga ikikubali hata kidogo flenji ya valvu inapinda. Gasketi yako haina kosa.

Kata hizo welding. Ila sio leo stimu ikiwa ndani! Subiri paipu ipoe kabisa, shika paipu kwa kamba au jeki, maana ina nguvu imejificha, ukikata inaweza kuruka ikakupiga. Nimeona mtu kavunjwa mkono na paipu "iliyopoa".

SteamGuy_Naivasha

Niaje wasee. Mzee ameongea ukweli yote lakini acha niongezee upande wa tefloni juu mimi nilifanya na kontrakta fulani kwa laini za jotoardhi huku Olkaria, Kenya, hii ndio maneno tulikula nayo kila siku. Huku stimu haitoki boila, inatoka chini ya ardhi, na visima viko mbali na mtambo, so ni paipu kilomita kwa kilomita zinapita porini nje kwa jua na mvua, na tangu mtambo wa kwanza uwashwe 1981 hizo paipu zimekuwa zikiongezeka tu. Ukienda mbuga ya Hell's Gate utaziona zinapiga kona kona kama nyoka, si kwa urembo, hiyo ni nafasi ya kurefuka. Na kuna mahali zimeinuliwa juu kama mlango ndio twiga apite.

Sasa tefloni. Watu husikia "inastahimili nyuzi 260" wanadhani kesi imeisha. Tefloni yenyewe ndio inastahimili hivyo, lakini pedi imebandikwa na gundi kwa kipande cha chuma, na gundi inachoka mapema sana kabla ya tefloni. Kwa hivyo uliza joto la PALE CHINI YA KIATU sio joto la stimu. Kiatu kikiwa kirefu kwenda juu kinatoka nje ya lagingi, upepo unakipiga, chini kunakuwa na joto la kushika na glavu. Kiatu kikiwa kifupi kimezikwa ndani ya lagingi, hapo unapika gundi. Kijana uko na bunduki ya kupima joto? Pima.

La pili, mpangilio. Tefloni inakaa CHINI kwa boriti, na juu yake, kwa tumbo la kiatu, unaweka bati la stenlesi (chuma kisichoshika kutu) lililong'arishwa kama kioo. Bati la stenlesi lazima liwe kubwa kuliko pedi, kiasi kwamba paipu ikienda mwisho na ikirudi mwisho, tefloni haionekani hata siku moja. Watu hugeuza wanaweka kubwa chini ndogo juu. Vumbi linakaa juu ya tefloni laini, linazama ndani, umetengeneza msasa. Huku kwetu vumbi ni la jiwe la volkano, hilo linasaga kila kitu.

La tatu na hii watu hawaamini: pedi kubwa sio bora. Tefloni inateleza vizuri zaidi ikibanwa kiasi. Ukiweka pedi ya futi moja kwa paipu nyepesi utapata msuguano mkubwa kuliko pedi ndogo. Lakini pia usizidishe, ile tefloni tupu ikibanwa sana inasambaa pole pole kama chapati kwa sufuria, miaka miwili unapata imetoka pembeni. Ndio maana kuna ile imechanganywa na nyuzi za glasi, itisha hiyo.

Na USIWAHI kuchomelea karibu na pedi. Ule moshi wa tefloni iliyoungua unaleta homa, mwili unauma, baridi, kikohozi, kijana wetu mmoja alienda kupimwa malaria mara mbili kumbe ni moshi. Hata vumbi yake kwa vidole halafu ushike sigara, same story. Chomelea kwanza, ipoe, halafu funga pedi na bolti.

Bongo_Welda

Nguzo inalala kwa sababu ya welding sawa nimeelewa, lakini bado hujaniambia kwa nini chuma kwa chuma haifai. Viwanda vingapi viko hivyo.

Mzee_wa_Stimu

Swali zuri na jibu lake litakufurahisha, maana mara nyingi INAFAA.

Paipu ya inchi 6 skejuli 40 ina kilo 28 kwa mita. Ongeza lagingi na bati kama kilo 8. Jumla 36. Nguzo kila mita 6, kwa hiyo kila nguzo inabeba kama kilo 216. (Siku ya kupima kwa maji ongeza kilo 110 zingine kila nguzo, hapo ndio vinguzo dhaifu hujulikana.) Chuma juu ya chuma wahandisi huhesabu msuguano wa 0.3, kwa hiyo kila kiatu kinavuta nguzo kwa nguvu kama ya kilo 65. Tefloni kwa stenlesi huhesabu 0.1, kilo 22. Rola nzima chini ya hapo, rola iliyokufa mjuavyo.

Kilo 65 juu ya nguzo ya mita tano si kitu kama nguzo ni nene na imefungwa vizuri chini. Lakini zinajumlika kwenye nanga. Toka boila hadi lupu una viatu 14. Mara 65 ni kama kilo 900 zinavuta nanga moja, bado nguvu ya lupu yenyewe. Na 0.3 ni ya chuma kisafi. Kutu ya Dar niipe 0.5, umefika tani moja na nusu. Ukiweka tefloni kote ni kama kilo 300.

Kwa hiyo mchezo wote ni huu: nanga yako inastahimili nini na nguzo zako zinastahimili nini. Paipu nyepesi, njia fupi, nanga nzuri, chuma kwa chuma kinatosha na hela utanunulia kitu kingine. Paipu nzito, nguzo nyembamba, au mwisho wa paipu kuna tabaini (mashine inayozungushwa na stimu) au pampu isiyotaka kusukumwa, hapo lipa tefloni bila kulia. Mimi kwa Kijana ningeweka tefloni kwenye viatu vya karibu na lupu, vinavyotembea sana, pamoja na hizo nguzo mbili zilizolala mpaka azinyooshe. Kumi na nane zote ni hamu ya msambazaji.

Na stimu ikiwa ya moto sana, ile ya nyuzi 400 ya viwanda vyenye tabaini, sahau tefloni, huko watu wanatumia pedi za grafaiti. Haitelezi kama tefloni, wanahesabu kama 0.15, lakini haiungui kwa joto hilo.

Dada_Mhandisi

Naomba niingie kwa jambo dogo ambalo linaua kazi nzuri: vishikio vya pembeni. Sisi ofisini tulivizoea kuviita gaidi, toka Kiingereza "guide", siku moja nikaandika kwenye ripoti "gaidi wa nguzo ya 12 amebana sana aachiwe", meneja akanipigia simu anauliza kama polisi wamearifiwa. Tangu hapo naandika kishikio.

Kishikio kinazuia paipu isiende kushoto na kulia, ila lazima kiwe na mwanya, milimita 3 kila upande inatosha. Mafundi wetu wakiona mwanya wanadhani ni kazi mbovu wanaweka kipande cha bati wanachomelea. Yubolti (bolti ya umbo la U inayokumbatia paipu) ni hivyo hivyo, ukikaza nati mpaka mwisho umeshatengeneza nanga nyingine hapo, na hutajua mpaka paipu ianze kulia. Weka nati mbili, acha nafasi, kaza nati kwa nati. Kijana ule mlio wa NGO unaweza kuwa kiatu kinashika kutu kikiachia ghafla, lakini pia kagua kila kishikio kwa macho yako.

Na usiache paipu bila kitu cha kuizuia isiruke juu. Maji yakikusanyika ndani na stimu ikayasukuma, paipu inaruka kama ng'ombe aliyegutuka, nimeona viatu vimetoka kwenye boriti vitatu kwa mkupuo. Kuteleza ndiyo, kuruka hapana.

ChumviYaTanga

Swali kwa mzee: vipi kuchomelea kipande cha nondo laini juu ya boriti ili kiatu kiteleze juu ya nondo? Nimeona viwanda vingi wanafanya, wanasema mguso ukiwa mdogo msuguano unapungua.

Mzee_wa_Stimu

Nondo ni nzuri lakini sababu waliyokuambia si ya kweli. Msuguano wa chuma kwa chuma haujali ukubwa wa mguso, unajali uzito na hali ya uso. Faida ya nondo ni kwamba maji hayalali chini ya kiatu. Boriti bapa na kiatu bapa, mvua ya masika inaingia katikati haitoki, kutu inavimba, asubuhi kiatu kimeganda kama kimechomelewa. Nondo inaacha hewa ipite. Kwa hao wa chuma kwa chuma karibu na bahari mimi nasema weka nondo, na ukiweza kibandike kiatu bati la stenlesi chini. Hakuna pedi, hakuna gundi, na kinakaa miaka.

SteamGuy_Naivasha

Hapo kwa kuchagua chuma niongeze moja kwa wale wako jotoardhi: kuna pedi za shaba nyeusi zilizojazwa grafaiti, nzuri sana kwingine, lakini huku kuna ile gesi ya harufu ya mayai viza, inakula shaba. Hata nyaya za umeme zinageuka nyeusi. Dar hamna hiyo shida, nyinyi ni chumvi.

Mama_Ntilie_wa_Kiwandani

Mimi si fundi niko hesabu, ila nasoma uzi wote huu nacheka, kumbe ndio maana kila mwezi naletewa risiti ya gasketi.

Kijana_wa_Boila

Mrejesho wakuu, samahani nimekawia, tulikuwa na shatidauni ya siku nne.

Tumekata welding za nguzo ya 7 na 8 paipu ikiwa baridi. Tulifunga cheni bloku mbili kama mzee alivyosema. Fundi alipomaliza upande wa pili wa nguzo ya 7 paipu ilicheza kama sentimita mbili na nguzo ikajirudi yenyewe, tumesimama wote tunaangaliana. Timazi sasa inasoma milimita 4.

Viatu vitano vya karibu na lupu tumetengeneza vipya vya milimita 400, na tumevirudisha nyuma kuelekea boila milimita 80 vikiwa baridi, ili vikipata moto vivuke katikati viende upande wa pili. Hii mzee alinielekeza inboksi, kila mita 10 toka kwenye nanga hesabu milimita 18 na kidogo, nusu yake ndio unarudisha.

Chini ya hivyo vitano na zile nguzo mbili tumeweka tefloni yenye glasi na stenlesi juu. Zilizobaki tumepiga brashi ya waya, nondo, na bati la stenlesi. Profoma ya rola 18 bosi kaiweka kwenye droo.

Nimepima joto chini ya kiatu kwa bunduki: kiatu cha zamani kifupi kilikuwa 96, kipya kirefu 71.

Lupu tulimpa mhandisi wa nje akaihesabu kwenye programu, akasema inabeba sentimita 20 zote, maana mwanzo niliogopa kwamba ikiwa haiko katikati itapokea zaidi, kumbe inapokea zile zile 203, ila upande mmoja unaleta 157 na mwingine 46.

Kitu kimoja nusura kituharibie. Siku ya mwisho wakaja watu wa rangi, mmoja keshapanda na rangi ya kupulizia anapaka boriti, anaelekea kwenye stenlesi iliyong'aa! Nilipiga kelele mpaka walinzi wakaja. Tumefunika zote kwa nailoni na utepe, hadi wamalize.

Dada_Mhandisi

Watu wa rangi ni balaa, na wa lagingi pia. Hakikisha bati la alumini limekatwa kwa nafasi ya kutosha kuzunguka kiatu, likigonga boriti linakunjika, mvua inaingia ndani ya sufu na paipu inaoza usiione. Na mlio wa asubuhi?

Kijana_wa_Boila

Bati tumeacha nafasi ya sentimita 10 kila upande wa mwendo, juu tumeweka kofia ya maji. Mlio haupo. Mlinzi wa zamu ameniuliza leo kama boila imeharibika.

Mzee_wa_Stimu

Umeweka alama ya chaki?

Kijana_wa_Boila

Nimeweka mzee, mstari mmoja kwenye kiatu mmoja kwenye boriti, kiatu cha mwisho kabla ya lupu. Baridi nimevilinganisha, kisha stimu imeingia tumesubiri masaa matatu, nimepanda nimepima. Imetembea milimita 148.

Mzee_wa_Stimu

Hesabu ilisema 157. Hizo 9 zimeenda wapi? Usiniambie kuna yubolti imebanwa mahali.

Kijana_wa_Boila

Nimekagua yubolti zote 18 tena na tochi mzee, zina mwanya. Ngoja nimuulize opereta wa boila.

Kijana_wa_Boila

Kasema leo anaendesha baa 8 sio 10, usafishaji hawakuhitaji nyingi.

Mzee_wa_Stimu

Baa 8 ni nyuzi 175. Toa 30, mara 85... 148. Shuka kwenye ngazi ukanywe chai.